Kumfundisha mtoto kutumia poti: mwongozo kamili kwa mzazi aliyejaribu akashindwa

Malalamiko ni yale yale. Mtoto anakalishwa kwenye poti, anakaa dakika kumi akichezea vidole vyake, hatoi hata tone. Anainuliwa, anavishwa chupi, na kabla mama hajafika mlangoni sakafu imeshalowa. Mzazi anajisemea: huyu mtoto ananifanyia makusudi.

Hafanyi makusudi. Kwenda haja ni kazi tatu tofauti: kuhisi kwamba haja inakuja, kubana mpaka afike panapotakiwa, kisha kuachia. Sisi tumeshasahau kama ni tatu, kwa hiyo tunamfundisha mtoto kukaa, ambako hata si mojawapo. Mtoto wa mfano wetu anajua kubana. Poti kavu ndiyo ushahidi. Asichojua ni kuachia akiwa amekaa. Tangu azaliwe amekojoa akiwa amelala, akitembea, akicheza, nepi ikiwa imemkumbatia. Leo amewekwa juu ya plastiki baridi, miguu inaning'inia, mtu mzima amemkodolea macho. Misuli inajifunga yenyewe. Akisimama tu, mwili unarudi kwenye hali unayoijua na mkojo unatoka.

Shika hizo kazi tatu kichwani unaposoma yafuatayo. Kila unapokwama, jiuliza ni ipi kati yake haijakaa sawa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

- Poti yenye kitako kipana, isiyopinduka, ambayo mtoto akikaa nyayo zake zote mbili zinagusa sakafu. Kama nyumba ina ghorofa au ua mkubwa, mbili ni bora kuliko moja.
- Kama utatumia choo cha kukaa: kiti kidogo cha mtoto cha kuweka juu ya choo, pamoja na kigoda cha kukanyagia. Kigoda si pambo. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.
- Chupi nane hadi kumi na kaptula au suruali za mpira kiunoni. Weka kando vifungo, mikanda na nguo za kuvaa mzima mzima.
- Matambara ya kufutia, ndoo yenye mfuniko ya kuwekea nguo zilizolowa, sabuni.
- Plastiki au mpira wa kufunikia godoro.
- Siku tatu au nne ambazo mtu mzima mmoja hana kazi nyingine ya maana. Hiki ndicho kifaa kigumu kupatikana, na ndicho kinachokosekana kwa wengi wanaoshindwa.

## Je, yuko tayari?

Watoto wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Umri peke yake haukwambii kitu, na mtoto wa jirani ndiye hakwambii kabisa. Angalia haya:

Nepi inakaa kavu kwa saa moja na nusu hadi mbili mchana. Kibofu cha mtoto wa miaka miwili hubeba kati ya mililita 90 na 120, yaani chini ya nusu glasi, na kama kinamwaga kila dakika ishirini bado hakijajifunza kutunza. Anatembea, anakaa na kuinuka bila kushikwa. Anaweza kushusha kaptula yake hata kama anahangaika. Anafuata agizo la sehemu mbili, kwa mfano "chukua kiatu, ulete hapa". Na ile iliyo muhimu kuliko zote: anaonyesha kwamba anajua kinachotokea. Anajificha nyuma ya kochi anapotaka kupata choo, anashika nepi iliyolowa, au anakuja kukwambia hata kama ameshamaliza.

Usianze kama mtoto mchanga anakaribia kuzaliwa au amezaliwa juzi, kama mnahama nyumba, kama mtoto anaumwa au amebadilishiwa mlezi. Subiri wiki chache. Kuanza mapema na kuvutana miezi sita hakukuokolei nepi hata moja.

## Hatua ya 1: Lainisha choo kwanza (wiki mbili kabla)

Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalia kwenye hatua ya 6. Kama mtoto anapata choo kigumu, cha vidonge au kinachomliza, usimvue nepi bado. Mtoto aliyeumia mara moja atabana, na poti ataihesabu kama mahali pa maumivu.

Mpe maji mara kwa mara, matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa. Angalia pia maziwa: mtoto anayekunywa maziwa mengi mchana kutwa hushiba na kuacha chakula, na choo kinakuwa kigumu. Dawa ya kulainisha choo usimpe kwa kubahatisha. Muulize mhudumu wa afya akupe aina na kipimo.

Umefanikiwa ukiona: choo laini, chenye umbo, kinachotoka bila kilio, karibu kila siku, kwa wiki nzima mfululizo.

## Hatua ya 2: Mfanye aizoee poti akiwa amevaa nguo (siku 4 hadi 7)

Weka poti mahali anapocheza. Aikalie akiwa na nguo zake, amkalishe mwanasesere, aiburute. Asikatazwe. Unataka siku ya kazi ikifika, poti iwe imeshakuwa kitu chake.

Chagueni maneno mawili, moja la mkojo na moja la kinyesi, na kila mtu nyumbani atumie hayo hayo. Iwe susu, kojo, pupu au lolote mlilozoea, mradi asisikie moja kwa mama na jingine kwa bibi. Neno lisiwe la kuonea kinyaa. Mtoto anayesikia "aaa, uchafu huo!" kila nepi inapofunguliwa hujifunza kuficha, na anayeficha hasemi.

Badilisha nepi akiwa amesimama, karibu na poti, na kinyesi kikitoka kwenye nepi kimwage ndani ya poti mbele yake, kisha chooni. Mwambie: "Pupu inakaa hapa."

Umefanikiwa ukiona: anakaa na kuinuka mwenyewe bila kubembelezwa.

## Hatua ya 3: Vua nepi mchana (siku ya 1 hadi ya 3)

Asubuhi akiamka, vua nepi na usiirudishe mpaka usingizi wa mchana. Siku hizi mbili tatu akae bila kitu chini, au na fulana ndefu tu. Sababu ni kazi ya kwanza, kuhisi. Nepi za kisasa hunyonya mkojo upesi kiasi kwamba mtoto hajawahi kuunganisha ile hali ya tumboni na maji yanayotoka. Akiwa wazi, anaona, anasikia, analowa. Chupi pia hubana mwilini kama nepi, na mtoto hujisahau.

Kazi yako ni kutazama. Weka simu mbali, sisemi kimzaha. Kila mtoto ana dalili yake: mmoja husimama ghafla katikati ya mchezo na macho yakatazama mbali, mwingine hupanda juu ya vidole vya miguu, mwingine huvuta fulana. Ukiiona dalili, au ukiona tone la kwanza, sema kwa sauti ya kawaida, "Mkojo unakuja, twende kwenye poti," umbebe. Hata kama matone mawili tu ndiyo yameangukia ndani, hayo mawili yanahesabika.

Onyo: usipige kelele wala kumkimbilia kama nyumba inaungua. Akishtuka atabana, na utakuwa umemfundisha kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Kesho yake atakwenda kukojolea nyuma ya mlango.

Tena, acha kuuliza. Wa kwangu wa kwanza nilimuuliza "Unataka kukojoa?" kila baada ya dakika kumi. Siku ya pili alikuwa ananijibu "Hapana" kabla sijamaliza swali, huku mkojo unamtiririka mguuni na yeye anautazama kwa utulivu, kama mtu anayeangalia mvua dirishani. Hakunidanganya. Mtoto wa umri ule ukimuuliza swali la ndiyo au hapana, hapana ndiyo jibu lake la kuanzia. Sema "Sasa ni muda wa poti, halafu tutarudi kwenye mchezo," na useme katika nyakati chache zenye maana:

- anapoamka, asubuhi na mchana;
- dakika 15 hadi 30 baada ya kula;
- kabla ya kuoga;
- kabla ya kutoka nyumbani na kabla ya kulala.

Zaidi ya hapo, muache. Ukimpeleka kila nusu saa, kibofu hakipati nafasi ya kujaa, na asiyejaa hahisi. Wako watoto wanaokaa wakavu wiki nzima kwa sababu mama ana saa nzuri. Mama akitoka kidogo, kila kitu kinalowa.

Umefanikiwa ukiona: anasimama na kujitazama mkojo unapoanza, anasema neno lake wakati unatoka, au anaukata katikati. Ajali bado ni nyingi, na hapa hazikupunguzii alama.

## Hatua ya 4: Mfundishe kuachia

Hapa ndipo wengi wenu mmekwama.

Anza na mkao. Nyayo zikae chini au juu ya kigoda, magoti yawe juu kidogo ya nyonga, mwili uiname mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Ukikaa miguu ikining'inia, misuli ya nyonga inajikaza kukuzuia usianguke, na misuli hiyo ndiyo inayotakiwa kulegea. Jaribu mwenyewe kwenye kiti kirefu utaona. Choo cha kuchuchumaa kina faida hapa, kwa sababu mkao wake ni huo huo unaotakiwa, ila kwa mtoto mdogo tundu linatisha na miguu inateleza. Mwanzo atumie poti kando yake, au umshike kwa nyuma chini ya makwapa.

Kisha muondolee macho. Kaa naye, lakini tazama kwingine. Hadithi fupi, wimbo mmoja. Mpe kitu cha kupuliza: povu la sabuni, unyoya, mrija ndani ya kikombe cha maji. Anapotoa pumzi ndefu tumbo linasukuma na misuli ya chini inalegea bila yeye kujua. Wengine wanasaidiwa na maji ya vuguvugu yakimiminwa taratibu mapajani, au sauti ya maji yanayotiririka ndooni.

Dakika tatu, zisizidi tano. Hakikutoka kitu? "Sawa, tutajaribu baadaye," ainuke. Ukimlazimisha kukaa mpaka atoe, umegeuza poti kuwa adhabu, na mwili unaoadhibiwa haulegei.

Na yule anayekojoa mara tu akiinuka? Usimvishe haraka haraka. Akiinuka bila kutoa kitu, muache wazi kwa dakika tano, poti ikiwa hatua moja kutoka alipo. Mkojo ukianza, mrudishe akalie. Amekwisha kuanza kuachia. Anachojifunza sasa ni kumalizia akiwa amekaa. Rudia. Kwa kawaida siku mbili tatu za hivyo zinatosha, halafu siku moja utausikia ule mlio wa mkojo kwenye plastiki na wewe mwenyewe utashtuka.

Siku hiyo usifanye harusi. Msifu kwa kutaja alichofanya: "Umehisi mkojo, ukakaa, ukakojoa kwenye poti." Kushangilia kwa vigelegele humfurahisha mtoto mchangamfu, ila mwenye haya humfunga wiki nzima. Zawadi ndogo kama kibandiko cha picha haina ubaya, ipewe pale pale na iachwe polepole akishazoea.

Mvulana naye aanze kwa kukaa. Mkojo na kinyesi mara nyingi huja pamoja, na aliyezoea kusimama hugoma kukaa. Kusimama kutakuja baadaye, tena kutakuja na kazi ya kufuta ukuta.

Umefanikiwa ukiona: anakaa, na ndani ya dakika moja au mbili mkojo unatoka, zaidi ya nusu ya safari zake za siku.

## Hatua ya 5: Nguo, kutoka nje na watu wengine

Rudisha kaptula bila chupi kwa siku kadhaa, kisha chupi. Ajali zitaongezeka kidogo, ni kawaida. Mfundishe kushusha kwa kuingiza dole gumba kila upande na kusukuma mpaka magotini. Mazoezi hayo fanyeni wakati hana haja, maana aliyebanwa hafundishiki.

Safari ya kwanza iwe fupi, chini ya nusu saa, poti na nguo za akiba mkononi. Nepi ya "tahadhari" mchana usimvishe. Ukimvua leo na kumvisha kesho, humpi nafasi ya kujua kanuni ni ipi.

Anayebaki naye ukiwa kazini, iwe dada, bibi au mwalimu wa chekechea, mwambie mambo matatu tu: neno lake, dalili yake, na kwamba asigombezwe. Mpango mrefu hakuna atakayeufuata.

### Ajali ikitokea

"Mkojo umemwagika. Mkojo unakaa kwenye poti. Njoo tubadilishe." Basi. Asaidie kupeleka nguo kwenye ndoo, si kama adhabu, ni sehemu ya kazi. Kuchapa, kumcheka au kumtangazia mbele ya wageni kunamfundisha kubana na kuficha, na matokeo yake yanaonekana kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Haja kubwa

Mkojo umekubali, kinyesi kimegoma. Hali hii ni ya kawaida sana: mtoto anakojoa vizuri kwenye poti, ila akitaka kupata choo anaomba nepi, au anasubiri avishwe ya kulalia.

Mpe. Najua ushauri huu unakera baada ya kazi yote hiyo, lakini ukimnyima atabana, na kubana kinyesi kuna gharama kubwa. Kinyesi kinachokaa kwenye utumbo mpana hunyonywa maji na kuwa kigumu. Kikitoka kinaumiza. Kikiumiza, safari ijayo anabana zaidi. Kikikaa muda mrefu, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka na kupoteza hisia; choo cha majimaji kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi. Mzazi anadhani ni kuharisha na kumpa dawa ya kufunga choo, kumbe ni kinyume chake. Tena utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, ndiyo maana mtoto aliyekuwa mkavu anaanza kujikojolea.

Mjue anayebana: anakakamaa, anakutanisha mapaja, anasimama juu ya vidole, uso umeiva. Wengi tunadhani anasukuma. Anarudisha.

Mshushe ngazi kwa ngazi, siku tatu nne kila moja:

1. Nepi avae, lakini apatie choo akiwa chumba cha choo tu.
2. Avae nepi, akae kwenye poti.
3. Nepi ilegezwe, kisha itobolewe tundu chini, akae nayo kwenye poti.
4. Nepi itandikwe ndani ya poti.
5. Poti tupu.

Akikataa ngazi, rudi moja nyuma bila maneno. Sambamba na hilo, mkalishe dakika tatu hadi tano baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka na kusukuma. Tumia upepo unaovuma upande wako. Kinyesi kikitoka, usikimwage mara moja akiwa anatazama kama anaogopa. Kwa baadhi ya watoto ni kama kipande cha mwili wao kimetupwa na mlio wa maji unakimeza.

Umefanikiwa ukiona: choo laini kwenye poti bila nepi, mara tano mfululizo. Usihesabu mara moja.

## Hatua ya 7: Usafi

Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, daima, ili vijidudu vya kinyesi visifike kwenye njia ya mkojo. Kufuta kinyesi mwenyewe kwa usafi wengi hawawezi kabla ya miaka minne au mitano, kwa hiyo malizia wewe.

Mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, yake na yako. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, hivyo kimwagwe chooni, poti ioshwe mbali na vyombo na mahali pa kupikia, ikauke.

## Usiku ni habari nyingine

Kukauka usiku hakufundishwi. Kunategemea homoni inayopunguza mkojo wakati wa usingizi, ukubwa wa kibofu, na ubongo kuweza kumwamsha mtoto. Vyote hukomaa kwa wakati wake, mara nyingi kwa kurithi. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado wanalowesha kitanda. Endelea na nepi ya usiku mpaka aamke ikiwa kavu karibu kila siku kwa wiki mbili, ndipo uivue, plastiki ikiwa juu ya godoro. Maji ya kunywa yapatikane mchana kwa wingi. Jioni yapungue kidogo tu, asilale na kiu.

## Akirudi nyuma

Mdogo wake amezaliwa, mmehama, ameanza shule, ametoka kuugua: mtoto aliyekuwa mkavu mwezi mzima anaanza kulowa. Rudi hatua ya 3 kwa siku mbili, bila nepi mchana na bila hotuba. Kagua choo chake pia, maana mara nyingi kigumu ndicho chanzo.

Kama baada ya siku saba za mwanzo hakuna hata dalili moja ya hatua ya 3, acha kabisa. Mrudishie nepi kwa amani, msubiri wiki nne hadi sita, kisha anzeni upya. Anayesimama mwezi mmoja huwa anamfikia aliyelazimisha.

## Wakati wa kumwona daktari

Nenda bila kusubiri ukiona damu kwenye kinyesi au mkojo, homa pamoja na kilio wakati wa kukojoa, mkojo unaochuruzika matone matone muda wote, tumbo lililovimba na gumu, au kiu isiyoisha pamoja na mkojo mwingi na kukonda. Nenda pia kama choo kigumu hakijaisha baada ya wiki mbili za kubadilisha chakula, kama mtoto amefika miaka minne na mchana bado hakauki, au kama alikuwa mkavu miezi sita na zaidi kisha akaanza kulowa bila sababu unayoiona.

Kabla ya kwenda, andika siku tatu kwenye karatasi moja: saa alizokojoa, saa alizopata choo na kilikuwaje, na alichokunywa. Daktari atakuuliza hayo hayo, na kwa kumbukumbu ya kichwa tu hutayajibu.